Namba Mbili za Salama

"Usikate simu, Mama Husni. Ukikata, mwizi ni wewe."

Hapo ndipo tulipomwacha Salama wiki jana, kasimama dukani kwake soko la Gitega, kitenge cha mteja mezani kimekatwa nusu, mkasi mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Saa nne asubuhi, jua limewaka. Watu wanapita mlangoni wanasalimiana, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba mwanamke huyu yuko kifungoni.

Na wewe uliyeazima gazeti la jirani leo kwa mara ya kwanza, sogea nikupashe haraka kabla mwenyewe hajalidai.

Salama, ambaye ndiye Mama Husni, ni mjane, fundi cherehani. Yeye, mdogo wake Latifa aliyeko Muyinga, na rafiki yao Melania, mkulima wa Bukirasazi, ndio washika funguo wa kirimba, chama cha akiba cha wanawake thelathini na mmoja. Zamani walikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli tatu, kila mmoja na ufunguo wake, hafungui mmoja bila wawili. Chama kilipohamia benki, kwenye akaunti ya simu ndogo ya chama anayoitunza Melania, wakatakiwa kuweka namba moja ya siri yenye tarakimu sita. Wakafanyaje? Wakaigawa kama walivyozoea kugawa funguo! Latifa mbili za mwanzo, Melania mbili za kati, Salama mbili za mwisho. Kila mmoja aliingiza zake huku wenzake wamegeukia ukuta, kisha wakala kiapo, huyu kwa Msahafu, yule kwa Biblia, kwamba hatamwambia mtu.

Akili hiyo, siyo? Hata mimi niliwasifu. Kumbe shimo lilikuwa hapohapo. Mwenye ufunguo mzima huulinda. Mwenye namba mbili hujiambia, mbili zitafanya nini?

Na sheria ya chama haina huruma: pesa zikipotea kwa namba zako, unalipa wewe. Salama ameweka dhamana nyumba aliyoachiwa na marehemu mume wake. Ameiweka kwa ajili yake na kwa ajili ya Latifa, maana Latifa hana hata ukuta.

Sasa huyu anayejiita Bwana Sebastiani, wa ulinzi wa benki, anazitaka hizo mbili.

"Mi siibi," Salama akasema. "Na namba sitoi. Nimekula kiapo."

"Kiapo ni kitu kizuri, mama. Lakini hivi tunavyoongea, mdogo wako Latifa anatoa pesa za chama huko Muyinga. Nipe mbili zako za mwisho, nifunge akaunti."

Za mwisho! Nani amemwambia kwamba za kwake ndizo za mwisho? Jambo hilo lilijulikana na watu watatu tu duniani.

"Latifa hawezi. Yeye iko na mbili tu."

"Ana zake na za Melania. Mpigie, kama hataki kujificha."

Salama hakuwa na haja ya kumpigia. Alishampigia mara sita tangu jana jioni. Simu ya Latifa imezimwa.

"Banki haina namba zetu huko?" akauliza.

"Tunazo, mama. Ila mashine inataka zitoke mdomoni mwa mwenyewe."

Uongo mtupu! Lakini ulisemwa kwa upole, na upole wa mtu anayekujua jina, jina la mwanao na jina la mtaa wako unatisha kuliko matusi. Salama akafungua mdomo. Sijui alitaka kusema nini, na yeye mwenyewe hajui, kwa sababu wakati huohuo Melania aliingia dukani.

Mavumbi mpaka kwenye nyusi. Ametoka Bukirasazi alfajiri kwa baiskeli ya kupakia, maana esansi ya pikipiki haipatikani na zote zimelala. Na simu yake ameichomeka ndani ya kitambaa cha kichwa, imebana sikio, iko hewani.

"Dada Salama," akasema akihema, "toa hizo namba. Mimi zangu nimeshatoa."

"Umetoa?"

"Nilitoa jana. Mbili tu, dada, mbili zitafanya nini? Na ule ujumbe ulioingia kwenye simu ya chama, nikamsomea. Ameniambia nije nikusimamie."

"Nani amekuambia?"

"Bwana Sebastiani wa benki. Niko naye hapa tangu saa kumi na moja."

Salama akanyoosha simu yake mwenyewe. "Na mi niko naye hapa!"

Wakatazamana. Kutoka simu mbili, sauti moja ikasema, "Melania amefika? Vizuri."

Haya, nikadhani mambo yamekwisha. Mtu amekamatwa anaongea na watu wawili, kila mmoja kwa siri ya mwenzake, si angekata akimbie? Thubutu! Huyu hakutetereka.

"Nawaongoza wote wawili, ndiyo kazi yangu," akasema. "Melania ametoa zake kwa moyo mweupe. Swali langu ni moja tu, kina mama. Kwa nini mwingine anaficha?"

Na Melania, mwanamke aliyekula sahani moja na Salama miaka tisa, akarudi nyuma hatua moja.

"Dada," akasema polepole, "kwa nini unaficha?"

Lile neno lilimuuma Salama kuliko jambo lolote la siku hiyo. Alitaka kulia na alitaka kumpiga kibao, vyote pamoja. Hakupata nafasi ya kufanya hata kimoja, kwani nje palisikika kelele.

"Iko wapi! Mama Husni iko wapi!"

Alikuwa Imelda, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, mwanamke ambaye akinong'ona soko zima linasikia. Nyuma yake wanawake saba wa chama.

"Umewaita we?" Salama akamuuliza Melania.

"Aliniambia nitume sauti kwenye kundi la chama," Melania akajibu, macho chini. "Kwamba pesa zinatoka na wewe unajua."

Imelda akaingia, akatazama huku na huku, akashika mlango wa bati akauvuta mpaka chini. Duka likawa giza nusu. Joto likaanza.

"Hatoki mtu," akasema. "Mais, lakini Mama Husni, we iko mtu gani? Pesa zetu zinakimbia, we umesimama hapa unashona?"

Akamnyang'anya simu, akaiweka mezani, akafungua kipaza sauti.

"Kina mama," ikasema ile sauti, "zimebaki dakika kumi. Baada ya hapo sitaweza tena."

Mungu wangu, ungeona! Wanawake wanane walimgeukia Salama kwa pamoja. Na hawa si watu baki. Hawa ndio waliolala kwake siku saba za matanga. Hawa ndio waliombebea maji Husni alipozaliwa. Leo wamemzunguka kama kuku aliyeingia jikoni kwa watu.

"Sikilizeni," Salama akasema. "Huyu ni mwizi. Mtu anataka kufunga nyumba yako, atakuomba ufunguo wa nini?"

Imelda akafikiri kidogo.

"Sasa mlango unafungwa kwa nini? Si kwa ufunguo?"

Kweli, mlango hufungwa kwa ufunguo! Msomaji, mjinga akipata hoja moja nzuri, mwenye akili ahame mtaa.

"Dakika nane," ikasema simu.

"Toa namba!"

"Nyumba yake tutaiuza, vraiment, kweli kabisa. Tutaiuza na cherehani yake."

"Na huyo mdogo wake wa Muyinga, alikuwa anavaa vizuri sana siku hizi. Mi nilisema!"

Akikataa, yeye ni mwizi, na nyumba inauzwa na wenzake. Akitoa, pesa zinaondoka, na nyumba inauzwa na wenzake vilevile. Mlango ni mmoja, na Imelda ameukalia. Jasho likamtiririka mgongoni. Alitamani mume wake awepo, angalau amshike mkono.

"Sawa," akasema. "Andika. Saba, tatu."

Melania akapiga magoti pale pale, akamshukuru Mungu. Imelda akapiga makofi.

Usinirushie gazeti, msomaji. Zile hazikuwa namba zake. Alitaka kununua dakika moja tu ya kupumua.

Ndani ya kikapu cha Melania, simu ndogo ya chama ikalia. Ujumbe umeingia.

Melania akaitoa, akaitazama, akakunja uso. "Ni Kifaransa tena. Kama ule wa jana."

"Ule wa jana ulisemaje?" Salama akauliza.

"Nitajuaje, dada? Mimi nimesoma kambi ya wakimbizi, Tanzania. Kifaransa nimekikuta huku nikiwa na watoto watatu. Nilimsomea herufi kwa herufi, moja baada ya nyingine. Namba zilikuwa mwishoni."

"Lete."

Salama alisoma shule ya hapahapa Gitega, mpaka mwaka wa nane. Kifaransa chake si cha kuhutubia, lakini ujumbe wa benki haumshindi. Akaanza na ule wa jana. Kabla hajasema neno, akazichukua simu zote mbili zilizokuwa hewani, ya mezani na ya kwenye kitambaa cha Melania, akazifukia chini ya rundo la vitenge, akaweka na mto juu yake.

Kisha akanong'ona. "Jana banki ilituandikia hivi: Namba hii ya kuingiza akaunti kwenye simu mpya ni yenu peke yenu. Msimpe mtu yeyote, hata akisema ni mfanyakazi wa banki."

Melania akashika mdomo.

"Na huu wa sasa hivi," Salama akaendelea, "unasema: Kutoa pesa kumekataliwa, namba ya siri siyo. Yamebaki majaribio mawili."

"Kutoa?" Imelda akauliza. "Si alisema anafunga?"

"Anatoa, Imelda. Ilikuwa anatoa, na nyinyi mmemshikia mlango."

Mmoja akakaa chini kwenye mabaki ya vitambaa. Melania alikuwa ameanza kulia bila sauti, na mavumbi ya usoni yakawa matope.

"Mana yanje, Mungu wangu," Imelda akasema. "Lete hiyo simu nimtukane. Nimtukane mpaka mama yake asikie!"

"Oya! Sikia kwanza." Salama akamshika mkono. "Huyo iko na namba nne kati ya sita. Ukimtukana atakata, halafu kesho atarudi na jina jingine, kwa mwingine wetu. Ujumbe unasema akikosea mara tatu, akaunti inafungwa. Haitoki hata franga moja mpaka washika funguo watatu twende wenyewe kwenye dirisha la banki na karangamuntu zetu, vitambulisho vya uraia. Donc, basi tumfanye akosee mara mbili tena."

Wakamtazama. Wanawake walewale waliotaka kuuza cherehani yake.

"Tufanye nini?" Imelda akauliza kwa adabu ambayo hajawahi kuwa nayo.

"We lia. Lia kama pesa zinaondoka."

Ewe ndugu, ukitaka mtu wa kulia, mpe Imelda kazi hiyo! Salama alipofukua simu tu, yule mama alitoa yowe la msibani, na wenzake wakaitikia. Nje ya bati watu wakaanza kuuliza nani amekufa.

"Mama Husni!" ikafoka sauti. "Ulikuwa wapi? Namba zako hazikubali."

"Nimechanganya, bwana. Wananipigia kelele, kichwa kimepotea. Andika: sifuri, tisa."

Simu ya chama ikatikisika mkononi mwa Melania. Salama akatupa jicho: limebaki jaribio moja.

Safari hii sauti iliporudi, upole ulikuwa umekwisha.

"Unanichezea, mama?"

"Sikuchezei, wallahi."

"Limebaki mara moja. Ukikosea tena, Latifa anaingia gerezani leo, nakuambia, na wewe utamfuata." Akavuta pumzi. "Wewe ni Mwislamu. Niapie. Niapie kwa Msahafu, mbele ya hao wenzako, kisha nitajie namba."

Ah! Hapo sasa. Imelda alisahau hata kulia.

Kwa sababu walimjua Salama. Mwanamke huyu hali kiapo cha uongo. Aliwahi kupoteza kesi ya kiwanja kwa kukataa kuapa jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Na yule mtu, popote alipo, alilijua hilo. Amejuaje?

"Nasubiri, mama."

Salama akafumba macho. Midomo ikamcheza. Melania akamshika bega, na Salama hakumsukuma, ingawa alitaka.

"Naapa kwa Msahafu," akasema taratibu, "mbele ya hawa wanawake. Nikiwasaliti wenzangu wa chama, Mungu asinipe hata kaburi. Andika. Nne. Nne."

Sikiliza vizuri aliapa nini, msomaji. Yule bwana hakusikiliza. Alisikia Msahafu, akasikia namba, basi, vidole vyake vikakimbia.

Simu ya chama ikalia. Salama akausoma ujumbe mara mbili, akaketi kitini kwa nguvu.

"Imefungwa," akasema. "Akaunti imefungwa."

Kutoka mezani lilitoka tusi moja refu, chafu, la mtu ambaye hajawahi kuona mlango wa ofisi ya benki. Kisha simu ikakatwa.

Shangwe gani ile! Imelda aliunyanyua mlango wa bati kwa mkono mmoja, mwanga ukaingia, wapita njia waliodhani kuna msiba wakashangaa kuona watu wanacheza ngoma. Wakamkumbatia Salama, wakamwita mama, wakamwita simba. Mmoja alikimbia kununua fanta.

Melania akapiga magoti tena. "Nisamehe, dada. Nilikuona mwizi."

"Nitakusamehe," Salama akasema. "Siyo leo. Leo bado nina hasira na we." Lakini alimnyanyua, akampangusa uso kwa kipande cha kitenge.

"Sasa twende banki tukaifungue, tuweke namba mpya!" Imelda akasema.

"Tutakwenda tukiwa watatu. Lazima Latifa aje na karangamuntu yake. Bila yeye, hata sisi hatuzipati."

Salama akapiga namba ya Latifa, bila matumaini.

Ikaita. Ikapokelewa!

"Dada!" Sauti ya Latifa ilikuwa na furaha, na nyuma yake zilisikika injini za malori. "Usinigombeze, tafadhali. Nilizima kwa sababu Athumani alisema watu watatusumbua. Sasa hivi ameniambia niwashe."

Salama akageuka kidogo, akawapa wenzake mgongo.

"Athumani nani? We uko wapi?"

"Kobero, mpakani. Nimepata mchumba, dada. Tunaongea kwenye simu miezi minne, jana akaja Muyinga mwenyewe. Ni mtu mzuri, anauliza habari zako kila siku, anakujua kama ndugu yake. Tunavuka kwenda kwao tukafunge ndoa. Nilitaka kukuambia tukishafika."

Salama akashusha sauti.

"Latifa. Ulimwambia habari za chama?"

"Mambo ya kawaida tu, dada. Ye ndiye aliyekuwa ananiliwaza."

"Na namba zako?"

Lori likapiga honi.

"Ni mume wangu mtarajiwa," Latifa akasema.

"Karangamuntu yako iko wapi?"

"Iko naye. Amesema ye ndiye atashughulikia mambo ya mpakani."

"Latifa, nisikilize. Achana na hayo mabegi, nenda kwa askari yeyote unayemuona, sasa hivi, umwambie..."

"Dada, mbona unanitisha? Alikuwa nje anapiga simu za kazi tangu asubuhi, sasa amerudi. Huyu hapa, anataka akusalimie."

Simu ikabadilisha mkono. Mtu akakohoa kidogo.

"Shikamoo, shemeji."

Alikuwa yeye, yule Bwana Sebastiani. Upole wote ulikuwa umerudi.

"Umenishinda leo, nakubali," akasema. "Basi tupange upya. Keshokutwa mtakuwa watatu benki, wewe, Melania na mke wangu, karangamuntu mkononi. Mtafungua akaunti, mtaweka namba mpya, na nitakuwa nimekaa nje nazisubiri zote sita. Ukimwambia mtu mmoja tu, Latifa anavuka jioni hii. Hutamwona tena, na hao wenzako hawataona pesa zao. Umenielewa?"

Salama akaikandamiza simu sikioni, wenzake wasisikie.

"Najua wanakutazama, nawasikia wanavyofurahi. Cheka, shemeji. Cheka kama mtu aliyepewa habari njema na mdogo wake."

Salama akageuka. Wanawake wanane walikuwa mlangoni na chupa za fanta, jua limewapiga usoni, na Melania amesimama mbele yao, macho bado mekundu.

"Latifa anasemaje?" Imelda akauliza. "Anakuja?"

"Anakuja," Salama akasema, na akacheka.